Miwani Inaposhindwa: Lenzi kwa Macho Yenye Konea Iliyochongoka

Wiki hii tunazungumzia ugonjwa wa macho ambao huwashika zaidi vijana. Haumfanyi mtu kuwa kipofu kabisa, lakini waweza kumharibia masomo, kazi na hata heshima yake mbele ya watu. Ugonjwa huo huitwa keratokonasi. Tutaeleza pia habari za lenzi maalumu zinazovaliwa juu ya jicho, ambazo kwa wagonjwa wengi wa aina hii huwarudishia uwezo wa kuona pale miwani inaposhindwa.

Tuchukue mfano wa kijana wa kidato cha tatu anayeishi na wazazi wake hapa Ganjoni. Mfano huu si wa mtu mmoja tu. Ni hadithi ambayo madaktari wa macho huisikia kila mara, majina yakibadilika.

Kijana huyu alianza kuvaa miwani akiwa na miaka 14. Baada ya miezi minane ikawa haimfai, akanunuliwa nyingine. Sasa anavaa ya tatu, na bado ubaoni haoni. Akitoka usiku kwenye barabara ya Dedan Kimathi, taa za matatu na tuktuk humtawanyikia machoni kama nyota zenye mikia. Jioni moja akiwa rosheni alimwambia mamake, "Mama, mimi naona miezi mitatu."

"Mwanangu, si juzi tu tumekununulia miwani mipya?" mama akauliza.

"Ndiyo, Mama. Hata nikiivaa naiona mitatu."

Mwalimu anasema kijana amekuwa mvivu. Nyanya anasema amepatwa na kijicho cha watu. Jirani amemletea dawa ya matone aliyoinunua dukani bila kuandikiwa na daktari. Wote wanamtakia mema, lakini hakuna hata mmoja aliyegundua kinachomsumbua. Tatizo limo katika umbo la jicho lake.

Konea ni kitu gani?

Ukimtazama mtu machoni kwa ubavuni utaona mbele ya ile sehemu nyeusi kuna utando mwangavu uliobinuka kidogo, mfano wa kioo cha saa ya mkono. Utando huo ndio konea. Upana wake ni milimita 11 hadi 12, na katikati unene wake ni takriban nusu milimita tu. Hauna mishipa ya damu, maana damu ingezuia nuru kupita. Hewa yake huipata zaidi kupitia machozi yanayoulowesha.

Watu wengi hudhani kazi yote ya kukusanya nuru hufanywa na lenzi iliyo ndani ya jicho. La hasha. Karibu theluthi mbili za kazi hiyo hufanywa na konea. Kwa hivyo umbo lake likiharibika hata kidogo, mtu huona vibaya.

Konea nzima huwa na mviringo mzuri ulio sawa pande zote. Kwa mgonjwa wa keratokonasi, nyuzi zinazoipa nguvu hulegea, konea hupungua unene, na msukumo wa maji yaliyo ndani ya jicho huitokeza nje ikachongoka. Badala ya kuwa kama mgongo wa kijiko, inakuwa kama ncha ya yai au, hali ikizidi, kama pia ya watoto. Daktari John Nottingham wa Liverpool, Uingereza, aliueleza ugonjwa huu kwa ukamilifu katika kitabu alichokitoa mwaka 1854, na tangu hapo umetambuliwa mbali na magonjwa mengine ya macho.

Huanza lini, na dalili zake ni zipi?

Mara nyingi ugonjwa huanza mtu anapobalehe. Huendelea polepole kwa miaka kumi au ishirini, kisha hutulia mtu anapofikia miaka ya thelathini na kitu au arubaini. Hushika macho yote mawili, ingawa jicho moja huweza kutangulia lingine kwa mbali. Dalili za kuangalia ni hizi:

- Miwani kubadilishwa mara kwa mara, na kila mara nafuu ni ndogo.
- Kuona kitu kimoja mara mbili au tatu hata jicho moja likifumbwa.
- Taa za usiku kutawanyika au kuwa na mikia.
- Kukunja uso na kubana macho ili kuona vizuri.
- Macho kuwasha sana, na mtu kuyasugua kila wakati.

Hiyo dalili ya pili ni ya muhimu. Mtu mwenye makengeza aweza kuona viwili akifumbua macho yote, lakini akifumba moja huona kimoja. Mwenye keratokonasi huendelea kuona vivuli vya herufi hata kwa jicho moja.

Lipo jaribio dogo unaloweza kulifanya nyumbani. Toboa karatasi ngumu kwa sindano upate tundu la kama milimita moja. Funika jicho moja, kisha kwa lile lingine tazama maandishi ya mbali kupitia tundu hilo. Maandishi yakiwa wazi zaidi, yaelekea tatizo ni namna nuru inavyopindishwa ikiingia, nalo huenda likarekebishwa kwa kioo cha aina fulani. Yakibaki vile vile, huenda sababu ni nyingine. Kwa vyovyote vile, jaribio hili halichukui nafasi ya daktari. Linakuonyesha tu kwamba mtoto hasingizii.

Mikono inayoharibu macho

Sababu kamili ya keratokonasi ni mchanganyiko wa mambo. Kuna urithi: ukiwa nao, ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako yafaa wapimwe. Watoto wenye ugonjwa wa Down huupata zaidi kuliko wengine. Lakini jambo moja linatuhusu sana sisi wa pwani, nalo ni kusugua macho.

Watoto wengi wa nchi zenye joto huwa na mzio wa macho. Macho huwasha hasa wakati wa joto na vumbi, hutoa utepe mweupe unaonata, na weupe wa jicho kuzunguka mboni hugeuka kuwa wa rangi ya kahawia. Mtoto wa namna hii mara nyingi huwa pia na pumu au ukurutu. Yeye hujikuna kwa vifundo vya vidole, usiku na mchana, kwa sababu kusugua kunampa raha ya dakika moja. Kwa konea iliyo dhaifu, kusugua huko ni sawa na kukanda unga wa chapati: kila ukikandamiza, umbo linabadilika.

Mwaka 2016 jarida moja la madaktari wa macho wa Mashariki ya Kati na Afrika lilichapisha uchunguzi kuhusu wagonjwa wa keratokonasi waliohudhuria kliniki maalumu ya lenzi hapa Kenya. Wengi wao walikuwa vijana. Basi ugonjwa huu upo kwetu, na huwapata watoto walio madarasani.

Mzazi ukimwona mtoto anasugua macho, usimpige. Mpe kitambaa safi kilichotiwa barafu au maji baridi, afumbe macho, akiweke juu ya kope kwa dakika chache. Mwasho utapungua. Kisha mpeleke kwa daktari apewe dawa ya mzio inayomfaa.

Hapa tutoe onyo. Yako matone ya macho yenye steroidi ambayo huondoa mwasho kwa haraka mno, na kwa sababu hiyo watu huyanunua tena na tena bila idhini ya daktari. Yakitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Mtu aliyekuwa na mwasho tu anaishia kupoteza nuru. Vilevile msitie jichoni maji ya majani, maziwa ya mama wala kitu chochote kingine cha nyumbani.

Kwa nini miwani haitoshi?

Miwani hufanya kazi vizuri jicho likiwa na kosa lililo sawasawa: jicho ni refu mno, au fupi mno, au limebinuka zaidi upande mmoja kwa kipimo kinachoeleweka. Konea iliyochongoka haina kipimo kimoja. Hapa ina mlima, pale ina bonde, na nuru inayopita kila mahali hupindishwa kivyake. Mwanzoni mwa ugonjwa miwani husaidia. Baadaye hakuna fundi awezaye kukata kioo cha miwani kinachofuata milima na mabonde yote hayo, tena jicho lenyewe likizunguka nyuma yake.

Ili tuelewe dawa yake, tufanye jaribio la pili. Tafuta kipande cha kile kioo cha dirisha la choo ambacho upande mmoja kina vipele ili mtu asionekane. Ukichungulia kupitia kwake huoni ila ukungu. Sasa lowesha vizuri ule upande wa vipele, kisha bandika juu yake kipande cha kioo cha kawaida kilicho laini. Tazama tena. Si wazi kabisa, lakini utaanza kuona sura za vitu vilivyo ng'ambo. Maji yamejaza mabonde yote, na kioo laini kimekuwa uso mpya.

Hivyo ndivyo lenzi ngumu inavyofanya juu ya jicho. Lenzi yenyewe ina mviringo mzuri wala hailegei. Nyuma yake machozi hujaza nafasi zote zilizo kati yake na konea. Nuru ikifika haiukuti tena ule mlima uliochongoka, bali uso mpya uliolainika. Sehemu kubwa ya kosa hufutika papo hapo. Ndiyo maana mtu ambaye kwa miwani alikuwa akisoma herufi kubwa mbili za juu tu katika ubao wa kupimia, huweza kufika mistari ya chini siku hiyo hiyo anapojaribiwa lenzi.

Lenzi laini za kawaida, zile zinazouzwa kwa watu wenye tatizo dogo la kuona mbali, hazifanyi kazi hii. Zenyewe huulalia ule mlima kama kanga iliyotandikwa juu ya mtungi. Umbo la mtungi linabaki lile lile.

Safari ya miaka zaidi ya mia moja

Wagonjwa hawa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kujaribiwa vioo vya kuvaliwa juu ya jicho. Mwaka 1888 daktari Adolf Eugen Fick, Mjerumani aliyekuwa Zürich nchini Uswisi, alieleza jinsi alivyotengeneza maganda ya kioo, akayajaribu kwanza kwa sungura, kisha machoni mwake mwenyewe, halafu kwa wagonjwa. Mwaka huo huo Eugène Kalt wa Paris alijaribu maganda ya kioo kwa wagonjwa wa keratokonasi. Vioo hivyo vilikuwa vizito na havikupitisha hewa, hivyo mtu hakuweza kuvivumilia kwa muda mrefu.

Mwaka 1948 Kevin Tuohy wa Marekani alitokea na lenzi ndogo ya plastiki inayokaa juu ya konea peke yake. Mwishoni mwa mwaka 1961 Otto Wichterle, mwanakemia wa Prague, alitengeneza lenzi laini nyumbani kwake akitumia mashine aliyoiunga kwa vyuma vya kuchezea watoto. Lakini kwa wenye konea iliyochongoka hatua kubwa ilikuja miaka ya 1970, zilipopatikana plastiki ngumu zinazopitisha hewa. Kuanzia miaka ya 1980 plastiki hizo zilitumiwa pia kufufua zile lenzi kubwa za zamani. Leo konea huvuta hewa ikiwa imefunikwa.

Aina za lenzi maalumu

Ya kwanza ni lenzi ndogo ngumu inayopitisha hewa. Upana wake ni kama milimita 9 au 10, yaani ni ndogo kuliko konea yenyewe. Huelea juu ya machozi na kusogea kidogo kila mtu apepesapo. Huleta uoni mzuri sana. Ubaya wake ni kwamba siku za mwanzo mtu huhisi kana kwamba ana mchanga jichoni, na vumbi likiingia chini yake huchoma kwelikweli. Tena huweza kuchomoka, hasa kwa mchezaji wa mpira.

Ya pili ni lenzi ya mchanganyiko, katikati ngumu na pembeni laini. Hii humfaa mtu asiyeweza kuvumilia ile ya kwanza.

Ya tatu ni kuvaa lenzi mbili, laini chini kama mto, na ngumu juu yake. Huwafaa baadhi ya watu, ingawa mzigo wa kuzisafisha ni maradufu.

Ya nne ni lenzi kubwa ya sklera. Sklera ni ule weupe wa jicho. Lenzi hii yaweza kufikia upana wa milimita 15 hadi 20 au zaidi, nayo hukaa juu ya weupe na kuiruka konea bila kuigusa, mfano wa kuba juu ya jengo. Kabla ya kuvaliwa hujazwa maji safi maalumu ya chumvi yasiyo na dawa ya kuhifadhi. Ijapokuwa ukubwa wake hutisha, watu wengi huiona ni tulivu kuliko ile ndogo, kwa kuwa weupe wa jicho hauna hisia kali kama konea. Pia vumbi haliingii chini yake kwa urahisi.

Lenzi hizi si za keratokonasi peke yake. Husaidia waliopandikizwa konea na umbo likabaki la kombokombo, waliopata makovu kwa ajali, na wale ambao macho yao yamekauka vibaya baada ya mwili kudhurika kwa dawa fulani hadi ngozi na utando wa macho ukachubuka. Kwa hawa wa mwisho lile hodhi dogo la maji chini ya lenzi ya sklera huilowesha konea siku nzima. Hata mtoto mchanga aliyeondolewa mtoto wa jicho huweza kuvishwa lenzi ya aina yake, maana miwani mizito haimkai usoni.

Jinsi jicho linavyopimwa

Jicho gumu kupimika halipimwi kwa dakika tano. Kwanza mtaalamu hupiga picha ya umbo la konea. Chombo humulika duara nyingi, moja ndani ya nyingine, na mwangwi wake hutazamwa juu ya jicho. Kwa jicho zima duara huonekana sawa. Kwa jicho lililochongoka hubanana upande mmoja na kupinda. Hapo ndipo ramani ya milima na mabonde hupatikana.

Baadaye mgonjwa hujaribiwa lenzi kutoka katika seti ya majaribio. Jichoni hutiwa rangi ya machungwa ambayo ikimulikwa kwa taa ya buluu hung'aa kijani. Mahali penye kijani kingi pana machozi mengi. Mahali peusi lenzi inagusa. Mtaalamu humwacha mgonjwa akae nayo nusu saa hivi, atazame tena, abadilishe, atazame tena. Kisha lenzi huagizwa kwa kipimo cha jicho hilo peke yake, mara nyingi kutoka maabara za ng'ambo. Ikifika huenda ikahitaji kurekebishwa mara moja au mbili. Usikate tamaa. Lenzi inayobana au kugusa vibaya huweza kuichubua konea na kuacha kovu, kwa hivyo afadhali safari tatu za kliniki kuliko kovu moja.

Mgonjwa hafai kuondoka na lenzi kabla hajafunzwa kuivaa na kuivua mwenyewe mbele ya mtaalamu. Siku ya kwanza huivaa kwa saa chache, kisha huongeza kila siku kama alivyoelekezwa. Usiku huivua.

Maji ya Mombasa na usafi wa lenzi

Hapa, msomaji, ndipo penye hatari kubwa zaidi. Sisi wa kisiwani tunajua shida ya maji. Leo mfereji umekauka, kesho tunatumia ya kisima yenye chumvi, keshokutwa tunanunua mtungi wa mkokoteni. Maji haya yote, hata yale ya bomba yanayoonekana safi, yasiguse lenzi kamwe.

Majini huishi kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho kiitwacho akantamiba. Kikikwama kati ya lenzi na konea huweza kuingia ndani na kuitafuna. Maumivu yake ni makali, matibabu huchukua miezi, na jicho laweza kupotea. Kwa hivyo shikeni kanuni hizi:

1. Nawa mikono kwa sabuni, kisha ikaushe kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi kabla ya kugusa lenzi.
2. Isafishe na kuihifadhi kwa dawa uliyopewa tu. Usitumie maji ya bomba, maji ya chupa wala mate.
3. Mwaga dawa ya jana. Usiiongezee mpya juu yake. Kibweta cha lenzi kibadilishwe angalau kila miezi mitatu.
4. Usilale na lenzi, wala usiogelee nayo, iwe baharini au kwenye hodhi la hoteli.
5. Ukiivulia juu ya beseni, ziba tundu kwanza. Lenzi nyingi zimepotelea huko.
6. Chupa ya dawa isiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa.

Anayetawadha mara tano kwa siku halazimiki kuivua lenzi kila mara. Afumbe macho barabara anapoosha uso, kisha aufute kabla ya kufumbua. Akina mama wanaotumia wanja wavae lenzi kwanza ndipo wapake, na jioni wavue lenzi kabla ya kujisafisha. Na aliyetoka kukata pilipili asithubutu kugusa lenzi hata kama amenawa mara moja. Mgeni wa jambo hili hujifunza kwa machozi.

Jambo jingine ni lenzi za rangi ambazo baadhi ya wasichana huvaa harusini ili macho yawe ya kijani au ya buluu. Hununuliwa bila kupimwa, na wakati mwingine huazimana. Kuazimana lenzi ni kuazimana maradhi. Jicho moja lililooza halilipwi na picha za harusi.

Jicho likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwanga au likiingia ukungu, vua lenzi na umwone daktari wa macho siku hiyo hiyo. Chukua lenzi na kibweta chake uende navyo. Usingoje kesho. Mwenye keratokonasi ambaye ghafla jicho limekuwa jeupe kama maziwa na linauma naye asichelewe, maana huenda utando wa ndani wa konea umepasuka na maji yameingia.

Lenzi haizuii ugonjwa kuendelea

Watu wengi hukosea hapa. Lenzi humfanya mtu aone, lakini haiifanyi konea kuwa imara. Kwa kijana ambaye konea yake bado inachongoka, yapo matibabu ya kuizuia. Konea hutiwa matone ya vitamini B2, kisha humulikwa kwa miale maalumu ili nyuzi zake zishikane. Njia hii ilianzishwa na madaktari wa Dresden, Ujerumani, ambao walitangaza matokeo yao kwa wagonjwa mwaka 2003. Marekani iliiidhinisha mwaka 2016. Haikusudiwi kurudisha umbo la zamani, bali kusimamisha uharibifu pale ulipofika. Ndiyo maana kuwahi ni jambo kubwa: kijana wa miaka 15 aliyegunduliwa mapema anaokoa kile ambacho wa miaka 25 ameshakipoteza. Hata hivyo, akiendelea kusugua macho kazi yote inaweza kuharibika.

Wachache ambao konea yao imekonda mno au ina kovu katikati huhitaji kupandikizwa konea ya mtu aliyefariki. Upasuaji huo hufanywa Nairobi, lakini hutegemea watu waliokubali kutoa macho yao baada ya kufa. Na wengi waliopandikizwa bado huhitaji lenzi ili waone vyema. Kwa hiyo lenzi nzuri inayovumilika ni hazina, maana huweza kumwepusha mtu na kisu kwa miaka mingi.

Pa kuanzia

Mkazi wa Ganjoni hana haja ya kuanzia mbali. Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani ina madaktari wa macho. Mjini kipo pia kituo cha macho cha Lighthouse for Christ, na ng'ambo ya kivuko cha Likoni kipo Kwale Eye Centre. Hawa huweza kutambua ugonjwa na kukuelekeza. Si kila kliniki ya macho hupima lenzi maalumu, kwa hivyo uliza kabla ya kwenda: Mna chombo cha kupiga ramani ya konea? Mna seti ya majaribio ya lenzi ngumu au za sklera? Lenzi isipokaa vizuri mtaibadilisha kwa gharama ya nani? Dawa yake ya kusafishia inapatikana hapa Mombasa, na kwa mwezi nitahitaji chupa ngapi?

Swali hilo la mwisho lina uzito. Bei ya lenzi hizi ni kubwa kuliko ya miwani, lakini kinachowashinda wengi ni ile dawa ya kila mwezi. Inapokwisha, mtu hushawishika kutumia maji. Familia ipige hesabu ya mwaka mzima kabla ya kuagiza, na iulize bima yake inalipa nini na hailipi nini. Pia mgonjwa abaki na miwani yake, hata kama haimsaidii sana, ili jicho likichoka apate pa kupumzikia.

Maswali ya kujipima

Kabla ya kukunja gazeti, jaribu kujibu maswali haya. Kwa nini lenzi laini ya kawaida haisaidii konea iliyochongoka? Kwa nini maji ya bomba hayafai kusafishia lenzi? Ni tendo gani la mikono linalozidisha ugonjwa huu? Na mtoto anayebadilisha miwani kila baada ya miezi michache apelekwe wapi?

Tukirudi kwa kijana wetu, mwalimu hakuwa na kosa la kukusudia, wala nyanya, wala jirani. Hakuna aliyewaambia. Lakini mtihani wa kidato cha nne haungoji, na konea nayo haingoji. Ukiwa mzazi na mtoto wako anakwambia anaona miezi mitatu, mwamini. Mshike mkono, mwende mkapimwe wiki hii.